Kuediti picha bila kulipa kodi kila mwezi

Watu wakijua una kamera, swali linalokuja sio lenzi gani ninunue, ni "we unaeditia nini?", na ukimjibu mtu "darktable", programu ya bure ya kuediti picha, anakuangalia kama umemtajia dawa ya kienyeji. Wengi hapa mjini wanajua majina mawili tu, Photoshop na Lightroom, na kwa vile wanajua hayo mawili basi njia wanazoziona nazo ni mbili, ama ulipe kila mwezi kwa dola ama uende kwa fundi akuwekee ya kraki, yaani iliyovunjwa kufuli isidai malipo. Mi nasema mtu anayepiga picha kwa kupenda tu, ana kazi yake inayomlisha na kamera inatoka wikiendi au kukiwa na shughuli ya familia, hana haja na njia yoyote kati ya hizo. Wala sisemi hivi kwa ubahili, ingawa bahili nami nimo.

Tuanze na hela maana ndo kiini. Mpaka 2013 Photoshop ulikuwa unainunua mara moja unakaa nayo, CS6 ndo ya mwisho kwa mtindo huo, halafu Adobe, wenye programu zote mbili, wakahamia malipo ya mwezi. Lightroom ya kununua moja kwa moja nayo iliishia toleo la 6, la mwaka 2015. Kwa miaka mingi kifurushi cha wapiga picha kilikuwa dola 9.99 kwa mwezi unapata vyote viwili, watu tukasema sawa sio mbaya, Januari 2025 wakawafungia mlango wateja wapya, kwa hiyo anayeingia sasa akitaka Photoshop na Lightroom pamoja anaanzia kwenye dola 19.99. Tuifanye dola ni shilingi 2,500 za Tanzania kurahisisha hesabu, hapo ni kama 50,000 kwa mwezi, 600,000 kwa mwaka, na hujaweka makato ya kadi wala bando la kupakua hayo madubwana. Hiyo ni kodi ya chumba kabisa, na kama kodi ya chumba haiishi, mwaka wa tano unalipa kama ulivyolipa mwaka wa kwanza na hakuna siku utaambiwa sasa ni chako. Kwa hela ya mwaka mmoja tu unapata lenzi ya Canon ya 50mm f/1.8 na chenji inabaki, na hiyo lenzi itabadilisha picha zako kuliko kitufe chochote cha kuvuta kwenye programu.

Ukiacha kulipa picha hazifutwi, hilo watu wanalikosea sana, picha ziko kwenye diski yako na Lightroom Classic, ile ya kwenye kompyuta, itakuruhusu kuzitazama na hata kuzitoa kama JPEG, ila ule ukumbi wa kuediti ndo unafungwa. Yaani kazi yako ya miaka unaiona kwa macho lakini huwezi kuigusa. Na wale wanaochagua mpango wa mwaka unaolipwa kwa mwezi wasome vizuri kabla ya kubonyeza, ukikatisha katikati kuna faini ya kukatisha mapema, serikali ya Marekani iliishtaki Adobe Juni 2024 kwa madai kwamba hiyo faini ilikuwa imefichwa fichwa.

Sisemi Lightroom mbaya jamani. Ni nzuri, ina kasi, unaibonyeza mara moja inamkata mtu na nywele zake kutoka kwenye mandharinyuma wakati sisi wengine bado tunachora kwa mkono, na kama unapiga harusi za watu kila Jumamosi na bibi harusi anataka picha Jumanne, lipa, hiyo ni gharama ya kazi kama nauli. Mi naongea na yule ambaye hakuna mtu anamdai picha.

Sasa fundi. Kila aliyenunua laptopu ya mtumba anajua lile swali, "nikuwekee na Photoshop?", na jibu linatoka lenyewe, weka kaka. Sitahubiri habari za wizi, kila mtu ana dhamira yake, naangalia vitu viwili. Kraki ili iingie inabidi uzime antivirasi na uiruhusu iingie mpaka chumbani, kwenye kompyuta hiyohiyo uliyohifadhi paswedi za barua pepe na za benki, na aliyeitengeneza humjui wala hujui alikuwa anataka nini. Jamaa yangu mmoja aliwasha mashine asubuhi akakuta mafaili yote yamebadilishwa majina na kuna ujumbe unadai malipo, picha za mwanae tangu azaliwe zimo humo na mpaka leo hazijafunguka. La pili halisemwi sana, nalo ni hili, hiyo Photoshop ya fundi mara nyingi ni CS6, na Camera Raw, kile kipande chake cha kufungulia RAW, ya mwisho kwa CS6 ni 9.1.1 ya mwaka 2015, kwa hiyo kamera iliyotoka miaka ya baada ya hapo RAW zake, yaani yale mafaili mabichi ya kamera kabla hayajapikwa kuwa JPEG, haizijui kabisa, utaambiwa faili halitambuliki. Dawa ipo, Adobe wenyewe wanatoa bure kiprogramu kinaitwa DNG Converter kinachogeuza RAW mpya kuwa DNG ambayo programu za zamani zinaisoma, lakini ukifika hapo si bora utafute kitu halali kinachofanya kazi moja kwa moja.

Kabla ya kuchagua chochote itazame kompyuta yako kwanza. Lightroom Classic inataka RAM ya 8GB kwa uchache na wenyewe wanapendekeza 16GB, na laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa kwetu zina 4GB au 8GB na diski ya zamani ile inayozunguka inapiga kelele kama inatafuna karanga. Humo programu yoyote itakuwa mateso. Kama una hela kidogo ya kutumia kwenye kuediti, weka SSD, ile diski isiyozunguka, na ongeza RAM, halafu njoo tuongee programu. Na ujue kama mashine yako ina kadi ya picha (GPU, sio ile kadi ya kamera) au haina, maana hilo ndo linaamua kati ya zile mbili nitakazozitaja mbele.

Cha kwanza kukijaribu ni kitu ambacho tayari unacho haki nacho, programu ya waliotengeneza kamera yako. Nashangaa watu wanavyoiruka. Mwenye Canon ana Digital Photo Professional, watu wanaiita DPP, unaipakua bure kwenye tovuti yao, kuna sehemu watakuomba namba ya kamera iliyoandikwa chini ya bodi. Mwenye Nikon ana NX Studio, ilitoka 2021, hii kwa kweli Nikon wamewapendelea watu wao, ina kitu unabandika nukta usoni kwa mtu halafu unaongeza mwanga pale pale bila kuchora chochote. Teknolojia hiyo ilitoka kwa kampuni ya Nik, ambayo Google waliinunua 2012, ndo hao hao waliotengeneza Snapseed, kwa hiyo kama umeshatumia ile sehemu ya kubandika nukta kwenye Snapseed basi NX Studio utaielewa siku hiyohiyo. Sony wana Imaging Edge. Fuji wana X RAW Studio ambayo ina ujanja wa aina yake, unachomeka kamera kwa waya na kamera yenyewe ndo inapika picha, kompyuta inakaa tu kutazama, mwenye laptopu dhaifu na kamera ya Fuji asitafute kingine.

Uzuri wa hizi za kiwandani ni rangi. RAW ukiifungua humo inafanana na ulivyoiona nyuma ya kamera, hamna mshtuko. Ubaya wake ni kwamba ni nzito, zina mwonekano wa kizamani, na kila moja inajua kamera za kwao tu, siku ukihama kutoka Canon kwenda Nikon unaanza darasa upya.

Nichukue picha moja tuone. Nikaha ya mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, Tanga, kwenye saa kumi jioni, bwana harusi kasimama barazani na kanzu nyeupe yenye darizi shingoni, jua liko mgongoni kwake, kamera yangu ni Canon 700D ambayo sio kijana tena. Kamera imeona ule weupe wa kanzu na uwanja unaong'aa nyuma ikapunguza mwanga, matokeo yake kanzu iko sawa ila uso wa kijana umezama, unaona meno na macho. JPEG ya picha hiyo ukiinua kivuli uso unatoka na mabaka, kwa sababu JPEG ina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi na huko gizani zilizobaki ni chache, wakati RAW ya 700D ni ya biti 14, ngazi 16,384, kwa hiyo huko gizani bado kuna mtu. Hii ndo sababu ya kupiga RAW kwa wanaouliza, sio mbwembwe.

Kwenye DPP niliinua kivuli nikashusha sehemu zenye mwanga mkali, ikasaidia, uso ukaja, ila na ukuta nyuma yake nao ukaja na picha nzima ikapauka kidogo. Kwenye darktable kuna moduli, yaani kifaa cha kazi moja, inaitwa tone equalizer, unaweka mshale wa mausi juu ya shavu, unazungusha gurudumu, na sehemu zote zenye giza la kiwango kile zinapanda huku darizi ya kanzu imetulia uzi mmoja mmoja. Niliipandisha taratibu mpaka nikaona ule mng'ao wa jasho kwenye paji la uso, nikaacha hapo hapo. Kivuli cha 700D ukikiinua sana kina chengachenga, darktable ina moduli ya kusafisha inayoijua kamera yako na ISO (usikivu wa mwanga) uliyotumia, unaiwasha tu inajipanga yenyewe.

Halafu rangi. Kila mafunzo ya mtandaoni yatakwambia chagua kitu cheupe kwenye picha ubonyeze ndo upate mizani ya weupe, na hapa cheupe si kipo, kanzu. Sasa kanzu ya harusi ya kwetu imefuliwa ikatiwa buluu, na sabuni nazo zina dawa ya kufanya nguo ing'ae kwenye jua, kwa hiyo ule weupe kwa kamera sio mweupe ni wa kibluu, ukiibonyeza programu inafidia kwa kumwaga njano picha nzima na bwana harusi anageuka rangi ya bizari. Mi huwa natafuta kitu cha kijivu, sakafu ya saruji, jiwe, au naacha kama kamera ilivyosoma halafu naisogeza kwa jicho nikiangalia ngozi.

Na hapo kwenye ngozi ndo nina ugomvi na preseti, ile mipangilio iliyopikwa tayari ya kubonyeza mara moja, zile za kuuziana Instagram. Nyingi zimepikwa na watu wanaopiga weupe wenzao kwenye machweo ya kwao huko, na ujanja wake mkubwa ni kupandisha mwanga wa rangi ya chungwa kwa sababu ngozi ya binadamu, yetu na yao, iko huko kwenye chungwa na nyekundu. Kwa mzungu inampa uso laini. Kwa bwana harusi wangu inampaka majivu. Ngozi nyeusi inataka weusi wake ubaki na ile mimweko ya mwanga juu yake ibaki, mashavu, pua, bega, uzuri wote uko kwenye hiyo tofauti, ukiinua kila kitu kwa pamoja umeiua. Kwa hiyo programu ninayoipima naipima hapo, inanipa njia ya kugusa uso bila kugusa kanzu au hainipi, hayo mengine ya kubadilisha mawingu na kuweka ndege angani sina shida nayo.

Darktable ilianza 2009, ni bure, na ni bure ya wazi, msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, uko hadharani, hamna kampuni itakayoamka siku moja ikakwambia kuanzia Jumatatu ni dola kadhaa. Windows ilikuja kuingia mwishoni mwa 2017, kabla ya hapo ilikuwa ya watu wa Linux na Mac, labda ndo maana wengi hawaijui. Mabadiliko unayofanya yanaandikwa kwenye kifaili kidogo pembeni ya picha, RAW yenyewe haiguswi, umeme ukikatika katikati unarudi unakuta ulipoishia. Lakini nisikudanganye, wiki za mwanzo utaichukia. Ukifungua RAW yako utakuta imepauka haina ladha, haifanani kabisa na kwenye kamera, moduli ziko nyingi kupita kiasi na nyingine zinafanya kazi ileile kwa njia tofauti. Funga macho kwa nyingi. Mi natumia exposure, mizani ya weupe, tone equalizer, color balance rgb, usafishaji wa chengachenga, marekebisho ya lenzi na kukata, na kwenye filmic rgb na sigmoid chagua moja, usiwashe zote mbili kwa pamoja maana zote kazi yake ni moja, kuubana mwanga wa RAW utoshe kwenye kioo. Na ikiwa laptopu yako ina kadi ya picha inayokubali OpenCL, njia ya kuifanya kadi isaidie hesabu, iwashe kwenye mipangilio, utaona tofauti mwenyewe.

Laptopu isiyo na kadi ya picha? RawTherapee. Nayo ni bure ya wazi, inatumia prosesa peke yake, na ina kitu kimoja ambacho darktable wangekiiga ningefurahi, ukifungua RAW inachungulia ile JPEG ndogo iliyofichwa ndani ya faili na kujaribu kufananisha mwanga wake, kwa hiyo unaanzia sehemu unayoijua badala ya kuanzia kwenye uji usio na sukari. Kugusa uso peke yake nako inawezekana tangu toleo la 5.9 la 2022, ila njia yake ni ya kuzunguka, inahitaji uvumilivu.

Kwa wanaotaka tabaka, yaani kuunganisha picha, kuondoa waya wa umeme uliokatiza juu ya kichwa cha shangazi, kuandika maneno ya kadi ya mwaliko, hapo sio kazi ya hizi mbili. GIMP ipo tangu 1996 na watu wameisema vibaya muda mrefu, mengine kwa haki, ila toleo la 3.0 lililotoka Machi 2025 limerekebisha lile kero kubwa la kwamba ukishaweka kichujio huwezi kurudi nyuma ukakibadilisha. RAW haifungui yenyewe, inamkabidhi darktable au RawTherapee kama umeziweka. Affinity ya Uingereza ilikuwa ya kununua mara moja, Canva wakaichukua 2024 na Oktoba 2025 wakaifanya bure, unahitaji akaunti ya Canva tu, vile vya akili bandia ndo vya kulipia. Nimeijaribu, ni nzuri, aliyezoea Photoshop atajisikia nyumbani kuliko kwenye GIMP. Ila ni bure ya kampuni, na bure ya kampuni ina mwenyewe, kwa hiyo mi naitumia huku picha zangu nimezihifadhi kama TIFF na JPEG na sio kwa faili la kwao peke yake. Ukiwa kwenye kompyuta ya ofisi usiyoruhusiwa kuweka kitu, fungua Photopea kwenye kivinjari, ina matangazo pembeni lakini inafungua mpaka PSD, mafaili ya Photoshop, na picha inachakatwa kwenye mashine yako, haipandi kwenye seva za mtu.

Na kama huna kompyuta kabisa usijione umebaki nyuma. Snapseed ni bure, haina matangazo, inafungua DNG za simu zinazopiga RAW, na kwa picha za kuweka kwenye stetasi inatosha na kubaki. Lightroom ya simu nayo ina upande wa bure, ila vile vitamu vimewekewa kikufuli cha kulipia, utakuwa unagonga ukuta kila dakika mbili.

Picha ile ya nikaha niliitoa mara tatu, ya DPP, ya darktable na ya RawTherapee, nikazichapa zote saizi moja studio ya mtaani, hela yenyewe ni ya kawaida tu, nikampa mama mdogo achague ya kuweka ukutani bila kumwambia ipi ni ipi. Akachukua ya RawTherapee. Nilikuwa nimeihangaikia kidogo kuliko zote. Nikamuuliza kwa nini hiyo mama, akasema nyingine zote mbili umemfanya kama wa kwenye tangazo la mafuta ya kujipaka. Mi bado darktable ndo nyumbani kwangu, ila mtu nikimwekea programu ya kwanza siku hizi namwekea RawTherapee.

Jambo la mwisho ni la kutoa picha, maana watu wanaediti vizuri halafu wanaharibu mlangoni. Kwenye aina ya rangi chagua sRGB, usichague Adobe RGB hata kama jina linapendeza, simu nyingi na studio za kuchapa zitaionyesha imefifia. Upande mrefu pikseli 2048 na ubora wa 85 mpaka 90 unatosha kwa mtandao, ya kuchapa itoe ukubwa wake wote. Kioo cha laptopu yako usikiamini sana, vingi vina ubluu na vinabadilika ukiinamisha, hamishia picha kwenye simu ya mtu mwingine uitazame kabla hujaituma. Na kwenye kundi la familia la WhatsApp itume kama dokumenti, sio kama picha, ukiituma kama picha inabanwa na lile darizi la kanzu ulilolilinda saa nzima linageuka kuwa doa.